Kesi ya Haki Mombasa Bila Ada ya Wakili: Mwongozo Kamili Kuanzia Siku ya Tukio Hadi Malipo

Mashirika ya kisheria yasiyotoza ada hayachukui kila kesi. Malalamiko ni mengi, mawakili ni wachache, na ombi moja la kikatiba, yaani kesi ya kudai haki zilizo kwenye Katiba, linaweza kuwashughulisha kwa miaka. Wakili anayekusikiliza siku ya kwanza anajiuliza jambo moja tu: nikisimama mbele ya jaji na haya ninayoambiwa, nitayathibitisha kwa kitu gani? Jibu hilo huandaliwa na mlalamishi mwenyewe kabla hajafika ofisini. Ndiyo maana sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu siku za mwanzo, wakati bado hakuna wakili.

Je, ni kesi ya haki kweli?

Mwenye nyumba akikataa kukurudishia diposti, hilo ni dai la Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Mwajiri asipolipa mshahara, anzia ofisi ya leba au Mahakama ya Ajira. Majaji hawapendi ombi la kikatiba linalotumiwa pale ambapo sheria ya kawaida inatosha, na wengi hulitupa bila kugusa kiini chake.

Kesi ya haki ni kama hizi: polisi wamemzuilia mtu zaidi ya saa 24 bila kumfikisha kortini, kinyume na Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010, askari wa kanjo wamebomoa vibanda bila notisi, kiwanda kinamwaga sumu katikati ya makazi, mtu ananyimwa kitambulisho kwa sababu ya jina lake au kabila lake, hospitali inazuia maiti kwa ajili ya bili. Si lazima uwe umeumizwa wewe. Kifungu cha 22 kinakuruhusu kwenda kortini kwa niaba ya asiyeweza, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma. Katika mambo ya mazingira, Kifungu cha 70 hakidai hata uthibitishe hasara.

Kesi zinazopinga sheria au sera nzima ndizo zinazowavutia mawakili wa mashirika kuliko zote, kwa kuwa hukumu moja huwasaidia maelfu. Kama yako ni ya mtu mmoja, onyesha kwamba wengine wamefanyiwa vivyo hivyo. Wakazi watano wenye notisi zinazofanana wana uzito kuliko mmoja mwenye maelezo matamu.

Siku saba za mwanzo

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ushahidi ni mali.

Anza na kituo cha polisi hata kama polisi wenyewe ndio walalamikiwa. Ripoti, uandikiwe kwenye kitabu cha matukio (OB), na usiondoke bila nambari ya OB. Wakikataa kukuandikia, nenda kituo kingine, kisha andika tarehe, saa na jina au nambari ya afisa aliyekataa. Kukataliwa nako ni ushahidi.

Kama kuna majeraha, nenda hospitali siku hiyohiyo. Omba polisi fomu ya P3, ya kurekodi majeraha, ambayo hutolewa bure, na ijazwe na daktari wa serikali. Kwa wengi hiyo ni Hospitali Kuu ya Pwani. Fomu ya P3 pekee haitoshi. Hifadhi pia karatasi ya matibabu ya mwanzo, kwa sababu P3 mara nyingi hujazwa siku kadhaa baadaye, na wakili wa upande wa pili atauliza jeraha lilitoka wapi katikati ya siku hizo. Kwa ubakaji kuna fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, na mwathiriwa asioge wala asifue nguo kabla ya kupimwa. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hushika unyevu na kuozesha ushahidi.

Kifo kina ugumu wake hapa Pwani. Familia nyingi za Kiislamu huzika siku ileile, na kesi nyingi za mauaji yanayodaiwa kufanywa na polisi hukwama hapo: maiti imezikwa bila uchunguzi, na kuifukua kunahitaji amri ya korti. Uchunguzi wa maiti unaweza kuombwa ufanyike haraka, na familia ina haki ya kumleta daktari wake ashuhudie. Wazee wakikataa kabisa, basi angalau anayeosha maiti, pamoja na shahidi mmoja, wapige picha za kila jeraha, mbele na nyuma, kwa rula au sarafu kando ili kuonyesha ukubwa, na wahesabu matundu. Ni picha zinazouma kuzipiga, lakini miezi sita baadaye ndizo pekee zilizobaki. Polisi nao wanatakiwa na sheria kuijulisha IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, kuhusu kifo au jeraha baya lililosababishwa na afisa wao. Usingoje wafanye hivyo. Peleka malalamiko mwenyewe. Ni bure, na IPOA ina ofisi Mombasa.

Video za simu zinahitaji uangalifu. Usizitume kwa WhatsApp ukafuta za asili, kwani programu hiyo hupunguza ubora na kuondoa taarifa za saa na mahali. Weka simu iliyorekodi, nakili faili yenyewe kwenye flashi mbili, na andika nani alirekodi, kwa simu gani, lini. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inadai cheti kutoka kwa mwenye kifaa. Wengi hupeleka video kali kortini bila cheti hicho na inakataliwa. Kamera za duka au petroli stesheni hujirekodi juu ya rekodi za zamani baada ya siku chache, kwa hiyo barua ya kuomba zihifadhiwe ipelekwe mapema, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Sasa andika mfululizo wa matukio kwenye karatasi moja au mbili: tarehe, saa, mahali, nani alifanya nini, nani aliona, hati gani inathibitisha. Hapa kuna mtego ambao umewaangusha mashahidi wengi wa kweli. Hati za Mahakama Kuu huandikwa kwa Kiingereza, na Mswahili anaposema "walikuja saa nane usiku", mwandishi asiye makini huandika 8:00 p.m., yaani saa mbili usiku. Shahidi anaulizwa maswali kortini, saa zinapishana, anaonekana mwongo. Andika hivi: saa nane usiku, 02:00. Vivyo hivyo kwa undugu. Kama "mtoto wangu" ni mtoto wa dada yako, sema hivyo. Kama "baba" ni baba mdogo, sema. Na majina yote yafuate kitambulisho, pamoja na lile la mtaani kando yake, maana mashahidi wengine hawajui kama Mama Rukia na Mwanaisha ni mtu mmoja.

Pa kubisha hodi

Kituo cha Sheria, shirika lililoanzishwa 1973, lina tawi Mombasa na huzoea kesi za ardhi, makazi na leba. MUHURI, lililozaliwa hapahapa Mombasa 1997, na HAKI Africa yanafahamika zaidi kwa kesi za polisi, kupotezwa kwa watu na ugaidi. Mwaka 2015, baada ya shambulio la Garissa, akaunti za mashirika haya mawili zilifungwa na serikali, nayo yakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa kujitetea, yakashinda. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake la tangu 1985, huwahudumia wanawake na watoto. Kwa sumu na uchafuzi, CJGEA, shirika la mazingira la Phyllis Omido, ndilo lililobeba kesi ya mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Upande wa taasisi za umma kuna Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, na Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016. Hii ya mwisho haisaidii katika kesi za kodi, madeni, kufilisika wala kuchafuliwa jina, na haisaidii kampuni au mashirika, ila watu.

Piga simu kabla ya kwenda, kwani ofisi huhama na siku za kupokea wateja huwa maalumu. Kama mtaani kwenu Kisauni, Likoni au Changamwe kuna msaidizi wa kisheria aliyefunzwa, anza naye: anajua wakili gani anashughulikia nini, na barua yake husomwa.

Usipeleke kesi moja kwa mashirika manne kwa siri. Wote wanafahamiana. Ukishagundulika umesaini hati za uwakilishi mara mbili, wote hurudi nyuma wakikusubiri uamue.

Miadi ya kwanza

Chukua kitambulisho, mfululizo wa matukio, nakala za hati zote (asili uzionyeshe, usiziache), orodha ya mashahidi na simu zao, na maelezo ya kesi nyingine yoyote inayohusiana, hata ile usiyoipenda. Kanuni zinadai kesi hizo zitajwe kwenye ombi. Mlalamishi anayeficha kwamba ameshtakiwa kwa kosa la jinai kutokana na tukio lilelile humharibia wakili wake siku ya kwanza kortini.

Uliza mambo haya, na majibu yawe kwenye maandishi: nani atalipia fotokopi, usafiri wa mashahidi na ripoti ya mtaalamu, nini kitatokea ufadhili wa shirika ukikatika katikati, na nani ana uamuzi wa mwisho kuhusu suluhu. Swali la tatu ndilo watu husahau. Shirika linatafuta hukumu itakayobadilisha sheria, wewe huenda unataka fidia na kurudi kazini. Tofauti hiyo ikizungumzwa mapema haina shida. Mtu wa ofisini akikuomba "ya chai" ili faili lisogee, mripoti kwa mkurugenzi.

Kundi likienda, lichague watu watatu au watano wawe walalamishi kwa majina yao "na kwa niaba ya wakazi wengine". Wengine wote watie saini karatasi ya idhini yenye jina, nambari ya kitambulisho na sahihi au dole gumba. Kutumia jina la kamati isiyosajiliwa humpa mpinzani hoja ya bure.

Barua kabla ya korti

Isipokuwa mtu yuko hatarini au tingatinga limeshawashwa, anza na barua ya madai kwa taasisi husika, ukitoa siku 7 hadi 14. Sababu ni ya kisheria: Sheria ya Utendakazi wa Haki wa Utawala ya 2015 inataka njia za ndani zimalizwe kwanza, na kesi nyingi hufutwa kwa sababu ya kuruka ngazi hiyo. Kwa mazingira hali ni nafuu. Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2023 kwamba kuwepo kwa baraza la rufaa za mazingira hakumzuii mtu anayedai haki za kikatiba kwenda kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Pamoja na barua hiyo tuma ombi la habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016: nakala ya leseni, ripoti ya athari za mazingira, ramani, amri ya kubomoa. Afisa ana siku 21 za kujibu, au saa 48 kama uhai au uhuru wa mtu unahusika. Akinyamaza, peleka kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua iliyogongwa muhuri na isiyojibiwa hufanya kazi nzuri sana kwenye faili.

Wanaokabiliwa na kufurushwa waikague notisi yenyewe. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa 2016, inataka notisi ya maandishi ya miezi mitatu. Wakazi wakiwa wengi, itangazwe kwenye magazeti mawili ya kitaifa na kubandikwa angalau sehemu tano ndani ya eneo hilo. Pigeni picha mahali ambapo ingepaswa kubandikwa na haikubandikwa, kila siku, zikiwa na tarehe.

Ombi lenyewe

Korti kwanza. Ardhi na mazingira huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kazi huenda Mahakama ya Ajira, mengine yote Mahakama Kuu. Zote tatu zina majaji Mombasa. Mwaka 1989, katika kesi ya meli iitwayo Lillian S, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba mamlaka ni kila kitu, na mawakili hukariri maneno hayo hadi leo kuwafukuza waliokosea mlango. Tukio likiwa limetokea Kilifi, ombi huwekwa kule, kwa kuwa kanuni zinafuata mahali haki ilipovunjwa.

Kanuni zinazotumika ni za 2013, maarufu kama Kanuni za Mutunga. Ombi liwe na jina na anwani ya mlalamishi, ukweli wa mambo, vifungu vya Katiba vilivyovunjwa, madhara, kesi nyingine zilizopo, na amri zinazoombwa. Kanuni hizo pia zinaruhusu barua ya kawaida, hata maelezo ya mdomo ambayo korti itayaandika. Mahabusu wameutumia mlango huo. Lakini kama una wakili, andika ombi kamili.

Kosa linaloua maombi mengi ni kutaja vifungu kumi bila kueleza kila kimoja kilivunjwaje. Tangu kesi ya Anarita Karimi ya 1979 majaji wanataka usahihi: kifungu hiki, kwa kitendo hiki, cha mtu huyu, siku hii. Vifungu vitatu vilivyofungwa barabara kwenye ukweli vinatosha.

Kuhusu nani wa kushtakiwa: kituo cha polisi si mtu kisheria. Mtaje Inspekta Jenerali, Mwanasheria Mkuu, na afisa mhusika kwa jina kama anajulikana. Kwa kanjo, ni Serikali ya Kaunti ya Mombasa.

Ombi huambatana na hati ya kiapo. Mlalamishi asiyesoma Kiingereza asomewe na kufafanuliwa kwa Kiswahili mbele ya kamishna wa viapo, na hati iseme hivyo mwishoni. Usikubali kusaini karatasi ya mwisho pekee iliyochomolewa. Kila kiambatisho kiwe na nambari na muhuri wa kamishna.

Siku hizi hati huwekwa kwa mtandao wa Mahakama. Kifungu cha 22(3) kinasema hakuna ada ya kuanzisha kesi ya haki. Mfumo ukitoa ankara, wakili amwone naibu msajili kabla ya kulipa. Baada ya hapo mna siku 15 za kuwapelekea walalamikiwa hati. Mwanasheria Mkuu na vyombo vya dola wana siku 14 za kujibu, wengine siku 7. Aliyepeleka hati aape hati ya kuthibitisha, na nakala iliyogongwa muhuri itunzwe.

Amri ya muda

Kama kitendo kinaendelea, ombi liende pamoja na maombi ya amri ya kuhifadhi hali chini ya cheti cha dharura. Jaji ataangalia mambo matatu: kesi ina uzito, utaumia usipopewa amri, na maslahi ya umma yanaelekea wapi. Anaweza kuitoa bila kumsikia mpinzani, na kwa hiyo unawajibika kusema kila kitu, hata kinachokuumiza. Amri iliyopatikana kwa kuficha hufutwa siku mpinzani anapotokea, na jaji hakuamini tena. Dharura iwe dharura kweli: aliyepokea notisi Januari akaja Machi usiku wa kuamkia ubomozi ataulizwa alikuwa wapi.

Amri ikitoka, chapeni nakala nyingi, mzipeleke kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi), kwa mkandarasi, kwa msimamizi wa wadi, na mtu mmoja akae nayo pale mtaani. Madereva wa tingatinga hawasomi mtandao wa Mahakama.

Mtu akiwa amepotea baada ya kukamatwa, njia ni ombi la kumfikisha mbele ya korti, haki ambayo Kifungu cha 25 hakiruhusu iwekewe mipaka. Ugumu ni kuthibitisha kwamba alichukuliwa na dola. Polisi wakikana na hakuna shahidi, korti huishia kuwaamuru wachunguze. Namba ya gari, sare, na jina la aliyeshuhudia vikiandikwa siku ileile hubadilisha mkondo wa kesi.

Kusikilizwa

Maombi mengi huamuliwa kwa viapo na hoja za maandishi, bila mashahidi kusimama. Ukweli ukipingwa vikali, kama katika mateso, ombeni mashahidi waulizwe ana kwa ana. Lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza kisheria. Anayetaka mkalimani amwambie wakili mapema.

Vikao huahirishwa. Kamati iwe na mtu wa kuhudhuria kila mara na kuandika kilichosemwa, tarehe ijayo na hati zinazodaiwa. Wakazi wakiacha kuja, upande wa pili huona, na hapo ndipo watu huanza kuitwa mmojammoja kwa ahadi za pesa.

Anayehofia gharama akishindwa ajue kwamba katika kesi za maslahi ya umma korti kwa kawaida huacha kila upande ubebe zake, ingawa ni hiari ya jaji. Anayetumia kivuli cha umma kugombea kiwanja chake huenda asihurumiwe.

Baada ya hukumu

Rufaa ina saa yake: notisi ndani ya siku 14, kisha rekodi ya rufaa ndani ya siku 60 tangu notisi. Omba nakala ya mwenendo wa kesi siku ya hukumu, kwa barua.

Kisha kuna pesa. Wakazi wa Owino Uhuru waliweka ombi lao Mombasa 2016. Julai 2020 wakatuzwa shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya madini ya risasi (lead) iliyotoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hata hukumu ya mwisho haitoi hundi. Mali ya serikali, ya kitaifa au ya kaunti, haiwezi kupigwa mnada. Utaratibu ni huu: pata amri rasmi ya hukumu kutoka kortini, gharama zikadiriwe, kisha baada ya siku 21 tangu amri omba cheti cha deni dhidi ya serikali na umpelekee afisa mhasibu wa wizara au kaunti. Asipolipa, rudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha yeye binafsi kutekeleza, na akipuuza hiyo, ndipo anashtakiwa kwa kuidharau korti. Ukiruka hatua moja unaanza upya.

Kwa sababu ya muda huo, orodha ya wanaostahili fidia isasishwe kila mwaka. Wengine watahama kwenda Mtwapa au Mariakani, wengine watafariki, na warithi wao watahitaji barua za usimamizi wa mirathi kabla ya kulipwa. Akaunti ya kupokelea pesa ijadiliwe kwenye mkutano wa wazi, na sahihi za watu watatu wasio wa familia moja.